Aliyebaki na Mizigo

Daudi alipowafuata Waamaleki walioichoma Siklagi, alikuwa na watu mia sita. Kufika kijito cha Besori, mia mbili wako hoi, hawawezi hatua nyingine. Wakaachwa pale na mizigo. Mia nne wakaendelea, wakapigana, wakarudi na wake zao, watoto na nyara tele. Hapo ndipo walipojitokeza wenye roho ya korosho: hawa waliobaki kijitoni wapewe wake zao na watoto wao, waende zao, nyara wasiguse. Daudi akakataa. Aliyekwenda kupigana na aliyelinda mizigo, akasema, watagawana sawasawa, na jambo hilo likawa sheria katika Israeli.

Wahubiri wetu wa Moraviani wanalipenda sana somo hili. Hutolewa siku ya kuwashukuru wapishi wa mkutano, waliofagia kanisa, mama aliyelaza wageni na jina lake halikutajwa kwenye matangazo. Mimi ni mzee wa kanisa katika ushirika mmoja hapa Ruanda, wilaya ya Mbozi, na kabla magoti hayajagoma nilikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Kwa hiyo somo la waliobaki na mizigo linanigusa kuliko wengi, na amina yangu huwa ya sauti.

Lakini sheria ile ina upande wa pili, na sijawahi kusikia ukihubiriwa. Kama fungu la nyara ni sawa, fungu la damu je? Wale mia mbili wa Besori hawakumgusa Mwamaleki hata mmoja. Wakati wenzao wanaua tangu machweo hadi jioni ya pili, wao walikuwa wamekaa kivulini wakilinda mahema na viriba. Wakipokea fungu lao la ng'ombe, wamepokea na nini kingine?

Aliyenisukuma kulifikiria jambo hili kwa bidii ni mtoto wa dada yangu. Naye ni dereva, anaendesha semi kutoka Dar hadi Kasumbalesa, na miaka ya karibuni sehemu kubwa ya maisha yake imepita kwenye foleni ya Tunduma, injini imezimwa, anapika wali pembeni ya tairi. Alikuja Jumapili mchana na simu mkononi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mzigo umeshuka?"

"Umeshuka. Mjomba, kuna ajenti Dar anatafuta madereva. Kazi iko Uarabuni. Ni kupeleka vitu kwenye kambi za jeshi la kigeni. Maji, chakula, mafuta. Hushiki bunduki. Mshahara wa mwezi mmoja kule, hapa ni nusu mwaka." Akanyamaza kidogo. "Sasa mama amesema nikuulize wewe, kwa sababu ni mzee wa kanisa. Dereva naye anahesabiwa yuko vitani?"

Nilimwambia anipe muda. Hakupenda. Madereva hatupendi kuambiwa tusubiri, tumesubiri vya kutosha mpakani.

Nikianza na mambo ya hapa hapa, swali lake ni la zamani kuliko barabara ya lami. Mei 1916 majeshi ya Jenerali Edward Northey yalivuka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini kuwavamia Wajerumani. Mojawapo ya ngome za Waingereza hao ilikuwa Fife, ng'ambo ya mpaka, si mbali na Nakonde ya leo. Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Neu Langenburg, ikatwaliwa mwezi huohuo. Reli huku haikuwepo, TAZARA ilikabidhiwa miaka sitini baadaye, 1976. Ng'ombe wa kukokota magari walikufa kwa ndorobo. Kilichobaki ni kichwa cha mtu na ngata.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wa vichwa hivyo. Boma lilidai watu, chifu akatoa watu, naye akatolewa. Alikuwa akinionyesha utosini, pale nywele zilipogoma kuota, akasema sanduku lilikuwa na kona za bati. Kuhusu kilichokuwa ndani alisema maneno machache tu: unga alijua ni unga, kwa sababu ulivuja. Sanduku hakuambiwa.

Hesabu ya upagazi ni ya kutisha ukiifanya kwa utulivu, na mimi nimeifanya kwa kuwa ndiyo hesabu ya maisha yangu, mafuta kwa kilomita. Mpe mtu mzigo wa unga kilo 25. Naye lazima ale, mpe kilo 1 kwa siku. Kama askari wako umbali wa siku 10, kwenda na kurudi mpagazi amekula kilo 20, na askari amepata 5. Isogeze kambi hadi siku 13, mpagazi anakula zaidi ya alichobeba. Kwa hiyo unahitaji mpagazi wa kumbebea mpagazi, na mwingine nyuma yake, na kila kijiji nyuma ya hao kinatoa watu na kinatoa mahindi. Ndivyo Waingereza walivyofikia kutumia wapagazi karibu milioni moja katika vita vile vya Afrika Mashariki, na hesabu zao wenyewe zinakubali kwamba waliokufa ni kama 95,000. Risasi iliua wachache. Wengi walimalizwa na kuhara damu, nimonia na unga ulioliwa mbichi kwa kukosa muda wa kuupika.

Upande wa Wajerumani haukuwa na nafuu. Kamanda wao, Von Lettow-Vorbeck, alipita Mbozi mwishoni mwa Oktoba 1918 akielekea Fife, na alipoweka silaha chini Abercorn, ndiyo Mbala, tarehe 25 Novemba, alikuwa na Wazungu 155, askari 1,168 na wapagazi zaidi ya 1,500. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa askari wazee malimbikizo yao. Inasimuliwa kwamba wasio na vyeti walipewa ufagio wakaamriwa kwa Kijerumani waushike kama bunduki, na wote wakaweza. Mpagazi angepewa nini ashike?

Je, babu alikuwa vitani? Kwa sheria ya Daudi, mizani yake inaniambia hivi: hakupata fungu la nyara, basi asidaiwe fungu la damu. Alishurutishwa kama alivyoshurutishwa Simoni wa Kirene, mtu wa Afrika huyo, aliyekuwa anatoka shamba na asiyehusika, askari wakambebesha msalaba. Sijasikia mkristo yeyote akisema Simoni alishiriki kumsulubisha Yesu, ingawa mbao zilifika Golgotha kwa bega lake. Tena Injili ya Marko imemtaja kwa jina, na wanawe wawili, Aleksanda na Rufo. Sanamu ya Askari pale Dar, iliyozinduliwa 1927, ina maandishi yanayowakumbuka wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Sanamu yenyewe ni ya mtu mmoja mwenye bunduki. Ile ya Nairobi angalau mpagazi amesimamishwa kando ya wenzake.

Walikuwepo waliokataa, na walikataa kwa jina la Mungu. Kule Nyasaland, John Chilembwe, mchungaji wa Kibaptisti, aliliandikia gazeti Novemba 1914 akihoji Waafrika wanamwaga damu kwa ugomvi wa nani. Miezi miwili baadaye akaongoza uasi, na Februari 1915 alikuwa ameshauawa. Huku karibu zaidi, 1918, wahubiri wa Watchtower, Hanoc Sindano akiwa mashuhuri kati yao, walipita kwa Wamambwe na Wanamwanga, katika wilaya za Abercorn na Fife, wakitangaza kwamba dunia iko ukingoni na watu wasiwatii tena machifu wala boma. Kubeba mizigo ya vita kukawa moja ya mambo yaliyokataliwa. Walikamatwa kwa makumi. Mafundisho yao mimi siyafuati, na dunia haikwisha. Hata hivyo juu ya suala la mizigo waliona wazi kuliko wachungaji wengi wenye vyeti: waliona kwamba vita inasimama juu ya kichwa cha mtu asiyepigana.

Na kanisa langu? Umoja wa Ndugu, mzizi wa sisi Wamoraviani, ulianza Bohemia mwaka 1457, kati ya watu waliosoma maandiko ya Petr Chelčický, aliyefundisha kwamba Mkristo hana ruhusa ya upanga, awe mfalme au awe mkulima. Hilo halifundishwi kwenye darasa la kipaimara, angalau la kwangu halikulifundisha. Mwaka 1749 bunge la Uingereza likawaruhusu Wamoraviani katika makoloni ya Marekani wasibebe silaha, kwa sharti walipe fedha badala yake. Ndugu wale nawaheshimu. Lakini fedha nayo ina miguu. Ukiitoa ili mwingine aende mahali pako, umemtuma.

Sasa nije kwangu. Mwaka 1979 nilikuwa kijana, utingo kwenye lori la Isuzu ambalo, kama malori mengi ya nchi hii, lilichukuliwa kusaidia vita vya Kagera. Dereva wangu nilimwita baba mdogo. Hatukuvaa gwanda. Tulipakia chini masanduku ya kijani, juu yake magunia ya unga, juu kabisa turubai, na kazi yangu ilikuwa kufunga kamba na kuweka jiwe kwenye tairi tukisimama mlimani. Tulivuka mto Kagera pale Kyaka kwa daraja la muda, kwa kuwa daraja lenyewe lilivunjwa na majeshi ya Idi Amin wa Uganda Novemba 1978. Tukashusha mzigo mbele huko, tukageuza.

Vita ile ilikuwa ya haki. Nililiamini nikiwa kijana na naliamini sasa. Amin alivamia, akatangaza kuwa mpaka wa Uganda umefika mto Kagera, watu wetu wakauawa, ng'ombe wakaswagwa, kiwanda cha sukari kikaporwa. Ukimuuliza mwenyekiti yeyote wa kijiji, jibu ni moja: mtu ana haki ya kulinda nyumba yake.

Masaka ilianguka tarehe 24 Februari 1979. Ilipigwa mizinga, na baada ya kutwaliwa majengo mengine yakalipuliwa kulipiza yaliyofanywa Kagera. Tulipita pale baadaye, Kampala ikiwa imeshachukuliwa. Lori lilisimama mbele ya duka la fundi nguo. Ukuta wa mbele ulikuwa umelala barabarani, wa nyuma umesimama na kalenda yake. Cherehani ilikuwa juu ya meza, kitambaa cha bluu bado kimebanwa chini ya sindano, nusu ya mshono. Baba mdogo aliitazama kwa muda, akasema, "Washa gari." Si mimi niliyekuwa nawasha gari, yeye ndiye dereva. Hatukusema zaidi hadi Mutukula.

Je, lile kombora lilikuwa kwenye masanduku yetu? Haiwezekani kujua, na nadhani hapo ndipo siri yote ilipo. Mpiga mzinga naye hakuiona Masaka, alipewa namba, akaelekeza mtutu. Aliyempa namba hakufyatua. Karani wa bohari alihesabu masanduku, akatia saini. Dereva alipeleka. Utingo alifunga kamba. Ukituita mmoja mmoja mbele ya hakimu, kila mmoja atasema "mimi nilikuwa napeleka tu," na kila mmoja atakuwa amesema kweli. Mji umevunjika na hakuna aliyeuvunja. Jeshi limepangwa hivyo kwa ajili ya ufanisi, sisemi kwa hila, lakini matokeo yake ni kwamba kosa linagawanywa vipande vidogo mpaka kila mtu anaweza kwenda nacho nyumbani bila kuhisi uzito. Daudi alikusanya vipande hivyo pamoja alipogawa nyara. Mimi nadhani Mungu atavikusanya namna hiyohiyo atakapouliza habari za cherehani ile, na wa mizigo hatatenganishwa na wa mbele.

Nilikuwa na rafiki barabarani, Mwislamu wa Tanga, ambaye alikataa kubeba bia. Tajiri alikasirika, kwa sababu bia hulipa vizuri. Yeye akasema Mtume amewalaani watu kumi katika pombe, si mnywaji peke yake: aliyeikamua yumo, muuzaji yumo, na aliyeibeba naye yumo, pamoja na anayepelekewa. Akapewa mbolea. Tulimcheka pale Mpemba, tulimcheka pale Makambako, lakini hakuna aliyeweza kumjibu. Siku moja tukiwa kwenye foleni nilimuuliza habari ya masanduku ya 1979. Alifikiri mpaka chai ikapoa. Akasema pombe ni haramu popote iendako, risasi inategemea inakwenda kwa nani.

"Basi dereva lazima ajue inakwenda kwa nani," nikasema.

"Ndiyo. Na asipoambiwa, aulize. Na asipojibiwa, ashuke."

Huyu hakuwa shehe, alikuwa dereva wa Scania, lakini sijapata jibu bora kwa mtoto wa dada yangu.

Maana tofauti kati yake na babu ni hiyo. Babu hakuulizwa. Yeye anaulizwa, tena kwa mkataba. Askari wa Kirumi alikuwa na mamlaka ya kumkamata mtu njiani abebe mzigo wake maili moja, na Yesu akasema mwende naye mbili. Maili ya kwanza ni ya dola. Ya pili ni yako, umeitoa mwenyewe, na utajibu juu yake. Mkataba ni maili ya pili tangu hatua ya kwanza. Najua nitaambiwa njaa nayo ni kiboko. Ni kweli inasukuma: bei ya kahawa ikianguka Mbozi nzima inajua, na ada ya shule haingoji. Ila anayesukumwa na njaa bado anapewa karatasi asome.

Tulisoma hiyo karatasi pamoja kwenye simu, tukitafuta herufi kwa miwani yangu. Kwenye mpaka wa Tunduma huvuki bila karatasi za mzigo: ni nini, uzito gani, wa nani, unakwenda wapi. Forodha watakurudisha hata kwa gunia moja lisiloandikwa. Mkataba ule ulitaja saa za kazi, adhabu ya kuchelewa, faini ya kuvunja mkataba. Nchi ya kazi iliachwa wazi, "itakavyoelekezwa". Mzigo uliitwa bidhaa.

Nikamsimulia yaliyowapata madereva watatu wa Kenya waliotekwa Iraki Julai 2004, pamoja na Wahindi watatu na Mmisri mmoja, wote wakiendeshea kampuni ya Kuwait. Waliachiwa Septemba mosi, baada ya wiki za vitisho vya kukatwa vichwa. Watekaji hawakujali kwamba wao si wanajeshi. Kwao aliyebeba na aliyepigana walikuwa kitu kimoja, sheria ya Daudi ikiwa mikononi mwa watu wakatili. Nikamwambia pia habari za maelfu ya Waganda waliolinda kambi za Wamarekani Iraki, na jinsi mshahara ulivyoshuka kadiri wengi walivyopanga foleni. Na kwamba Marekani ina sheria ya tangu 1941 inayotaka wafanyakazi wa wakandarasi wa jeshi lake nje ya nchi wawekewe bima, hata wakiwa wageni, lakini familia nyingi hazijui hata kuiulizia. Hilo alilinukuu kwenye simu.

Halafu akaniuliza swali nililolitarajia, kwa sababu nimemlea mimi.

"Mjomba, miaka ile ya vita ya Kongo ulikuwa unapeleka dizeli Lubumbashi. Ulijua inaingia kwenye gari la nani?"

Nilijua ni dizeli. Nilijua mwenye bohari ana wateja wa kila aina, na magari ya jeshi tuliyaona yakijaza palepale tuliposhushia. Nilimjibu kwamba dizeli ile ilisaga pia mahindi na kuwasha jenereta za hospitali, lakini mzigo wake yeye una mpokeaji mmoja tu.

"Kwa hiyo ni asilimia, mjomba? Ikizidi nusu ndiyo dhambi?"

Nikasema ndiyo, kwa kiasi fulani ni asilimia, na anayetaka mikono isiyogusa kabisa aache udereva, aache na kulima, kwa kuwa mahindi ya Ruanda nayo yanapanda malori yasiyosema yanakokwenda. Lakini kati ya mtu ambaye mzigo wake unaweza kuangukia mikono mibaya na mtu aliyejiandikisha kulilisha jeshi moja katika vita ambayo hajaambiwa ni ya nani na kwa nini, kuna umbali, na Mungu anaweza kuupima hata kama mimi siwezi. Akasema jeshi hilo huenda linapigana na watu wabaya. Nikasema huenda. Amin naye alikuwa mbaya, na cherehani ile haikuwa ya Amin.

Ametuma maswali kwa ajenti: nchi gani, mzigo gani, nani atarudisha mwili, mama alipwe na nani. La mwili limejibiwa haraka, yupo wakala wa bima. La nchi wamesema atajulishwa uwanja wa ndege. La mzigo halijajibiwa. Dada yangu anaona namzibia mwanawe riziki, na tayari amemwomba mchungaji ibada ya safari, wazee wote tuweke mikono. Nimemwambia mchungaji nitakuja na nitaweka mkono. Ila nikipewa nafasi ya kuomba, nitaomba mwanangu aambiwe anachobeba kabla hajawasha gari, na akiambiwa, awe na ujasiri wa kushuka. Mchungaji amesema sala hiyo haifai kwa ibada ya safari. Bado tunabishana.